Nani alimfunza nani pale Rongai?

Kwako Mhariri,

Nimesoma gazeti hili miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mara moja, lakini sasa ni wiki ya pili kuna jambo limenikaa rohoni na nimeona heri niliandike. Ni mambo ya filamu. Najua ukurasa wa barua mara nyingi ni wa barabara mbovu, karo na bei ya unga, na hayo yote ni ya maana, lakini naomba na hii uipe nafasi manake inatugusa sisi watu wa Nakuru, inagusa Kiswahili chetu, na inawagusa hawa watoto wetu wanaojipanga kwenda ng'ambo.

Binti yangu ana miaka 22 na anasoma Kijerumani hapa mjini, anataka kwenda Ujerumani kufanya kazi ya uuguzi. Tangu serikali yetu na ya kule ziweke saini ule mkataba wa wafanyakazi Berlin, Septemba 2024, ni kama kila ploti ninayoijua ina mtoto mmoja anayetembea akikariri der, die, das. Mwalimu wao akawapa filamu waende waitazame nyumbani ili masikio yazoee. Akaja nayo kwa flashi, tukaichomeka kwa tivi Jumapili jioni, tukakaa watatu, mimi, yeye na mamangu ambaye anaishi na sisi na anakaribia miaka 80.

Filamu yenyewe inaitwa Nirgendwo in Afrika. Binti akatueleza maana yake ni kama kusema hakuna mahali, yaani huko Afrika sijui hata ni wapi. Mamangu akauliza, sasa huko kusikokuwa mahali ni wapi? Kumbe ni Rongai! Rongai yetu hii ya kupandia matatu hapo stejini, yenye stesheni ya reli ya kwenda Eldoret, si ile Ongata Rongai ya watu wa Nairobi. Mamangu aliumia kidogo na hilo jina na mimi pia niliumia, manake huwezi kuniambia mahali watu wanazaliwa na kuzikwa ni hakuna mahali, ingawa nilipoimaliza nilielewa kwamba hilo jina ni la macho ya mtu anayeshuka tu siku ya kwanza na masanduku yake na hajui chochote.

Imetengenezwa na mama Mjerumani anayeitwa Caroline Link, ikatoka 2001, mwaka uliofuata ikabeba tuzo kubwa ya filamu kwao, na Machi 2003 ikashinda Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Hadithi imetoka kwa kitabu cha Stefanie Zweig, ambaye mwenyewe aliletwa Kenya 1938 akiwa msichana mdogo, wazazi wake Wayahudi wakimkimbia Hitler. Ndani ya filamu baba, anaitwa Walter, alikuwa wakili, wakamkataza kufanya kazi yake kwa sababu ni Myahudi, akatangulia Kenya akawa msimamizi wa shamba la mzungu mwingine. Mke wake Jettel na mtoto wao Regina wakamfuata.

Inaanza na theluji, watoto wanateleza kule kwao, alafu ghafla ni huku kwetu, na huyu Walter amelala kitandani anatetemeka na malaria, na aliye kando yake akimuuguza ni mpishi wake, Owuor. Hapo ndo nilimwangalia binti yangu. Yeye ndo anajifunza lugha ili akawauguze Wajerumani, na hapa mwanzo kabisa wa filamu yao kuna Mwafrika anamuuguza Mjerumani mgonjwa, bila cheti, bila mkataba, bila mtu kumuuliza amepasi B1 ama B2, zile ngazi za mtihani wa Kijerumani.

Sasa wacha nikwambie kilichotokea kwa kochi letu. Kijerumani kilipokuwa kinaongewa mamangu alikuwa anasinzia, maana yale maandishi ya Kiingereza pale chini hawezi kuyafuata kwa macho yake. Owuor alipofungua mdomo akaongea Kiswahili, mama akafungua macho, akaketi wima, akavuta shuka akajifunika magoti vizuri kama mtu aliyepata mgeni. Kuanzia hapo ikawa Kijerumani kinaelezwa na binti, Kiingereza cha pale chini nakisoma mimi, na Kiswahili mama anakicheka kabla maandishi hayajatoka, anacheka peke yake alafu sisi tunafika baadaye. Nilifurahi sana kuona hivyo. Kwa maisha yangu yote mamangu ndiye amekuwa akingoja aelezwe filamu, siku hiyo tulikuwa tunamngojea yeye.

Ndio maana hilo neno lugha ya kigeni limenikaa kichwani. Kule Marekani walipoipa Oscar waliihesabu ya lugha ya kigeni, na ndani yake kuna Kiswahili kingi tu, si kile cha kusema jambo na hakuna matata alafu basi, ni mazungumzo ya watu kuelewana na kukosana. Sauti iliyobeba sehemu kubwa ya Kiswahili hicho ni ya Mkenya mwenzetu, marehemu Sidede Onyulo, ndiye Owuor. Nimeuliza vijana hapa mtaani, nimeuliza hata wale wa kikundi cha maigizo cha kanisa letu, hakuna aliyelijua hilo jina. Mtu ameigiza kwa filamu iliyoshinda Oscar, ameigiza hapa hapa Kenya kwa lugha yetu, na hatumjui! Hiyo inaniuma kuliko jina la filamu.

Wengi wakiisimulia hii filamu watakwambia ni ya Jettel, mama aliyekuja akiwa mtu wa mjini akajipata porini na mwisho akajijua yeye ni nani. Na ni kweli. Mumewe alimwandikia alete friji, zile za barafu za zamani, yeye akanunua gauni la sherehe na akabeba masahani ya kifahari. Anafika Rongai hataki kufungua masanduku. Anamwambia Owuor kwamba akitaka kuongea na yeye ajifunze Kijerumani, yaani mgeni ndiye anamwambia mwenyeji ajifunze lugha ya mgeni. Anataka Owuor achimbe kisima, Owuor anakataa, yeye ni mpishi na mpishi hachimbi. Mpaka mumewe mwenyewe anamkanya, anamwambia jinsi unavyomtendea huyu mtu ndivyo wale tuliowakimbia wanavyotutendea sisi. Hapo kwetu sebuleni palinyamaza kabisa.

Lakini sasa uliza huyo mama alibadilika vipi, nani alimbadilisha. Haikuwa jua, haikuwa milima mizuri ya kupigwa picha. Kuna mtu alikuwa anamfunza kila siku, kidogo kidogo, kwa maji, kwa moto, kwa neno moja moja, na huyo mtu hakuwahi kuitwa mwalimu. Yule mtoto Regina alielewa mapema kuliko wazazi. Alishuka kwa gari akamwendea Owuor moja kwa moja, na baada ya muda mfupi alikuwa anaongea Kiswahili kama aliyezaliwa hapa, anakimbia miguu mitupu na Jogona rafiki yake, anamweleza mamake mambo ya watu. Mtoto hana cheo cha kulinda, akikosea neno anacheka anarudia. Mkubwa anaogopa kuonekana mjinga ndo maana anakaa mjinga.

Na hapa Mhariri niruhusu nimtaje babu yangu, baba ya mamangu, sitasema jina. Alikuwa mpishi kwa mzungu mmoja upande wa Ol Kalou, miaka karibu na hiyo hiyo. Mamangu anakumbuka alivyooka mkate bila oveni, analaza debe, makaa chini, makaa juu ya bati, na mkate ukitoka anaugeuza anaupigapiga chini kwa vidole, anatega sikio kama daktari, ukilia wazi umeiva, ukilia kizito anaurudisha. Alifunzwa mara moja tu na mke wa mzungu, na mara ya pili yeye ndo alimfunza huyo mama jinsi ya kufanya ukiwa na unga wa huku na makaa ya huku. Lakini mpaka alipoacha kazi, akiwa na watoto sita, aliitwa boi. Na Kiswahili alichoongeleshwa ni kile walichokiita Kisetla, wewe kuja, lete maji moto, fanya pesi pesi. Hakuna tafadhali, hakuna asante, hata kitenzi hakivalishwi nguo. Babu alikuwa anakiiga jioni kwa watoto, na mamangu alipokiiga sebuleni siku ile kwa sauti ya babu nilijua kwa nini Owuor alimwamsha usingizini. Alisikia mpishi anaongeleshwa Kiswahili cha binadamu.

Kwa hiyo naisifu filamu kwa hilo, kabisa. Mtu kama Walter alipoamua hana haja tena na joho lake la uwakili akampa Owuor, na Owuor akalivaa, ile picha sitaisahau. Joho la mahakama za Silesia, kule kwao Ujerumani, juu ya mabega ya mpishi wa Rongai.

Lakini kuna kitu kinakosekana na ni lazima tukiseme sisi, manake wao hawawezi kukiona. Miaka ile mwanamume Mwafrika hakuruhusiwa kutembea bila kipande, karatasi ya kazi na alama za vidole, ndani ya kibati kinachoning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kilianza kutumika kwa nguvu miaka ya 1920 na watu wetu wamekibeba mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tajiri asipokutia saini ukiondoka, wewe ni mtoro, unashikwa. Na hayo mashamba yenyewe ya Rongai na ya Ol Joro Orok, walikohamia baadaye, yalikuwa ndani ya ile ardhi waliyoita nyanda za wazungu, Mwafrika anaishi pale kama skwota, analima kipande kidogo kwa ruhusa na analipa kwa siku za kazi. Walter na Jettel walikimbia serikali iliyowahesabu kwa karatasi na damu, wakaja kuishi na mtu ambaye naye anahesabiwa kwa karatasi shingoni. Filamu inagusa ubaguzi, haikatai, hata inaonyesha Waingereza wenyewe wakiwashika hao Wayahudi vita vilipoanza 1939 eti ni Wajerumani kwa hivyo ni maadui, akina mama na watoto wakafungiwa hoteli ya Norfolk, Nairobi, na shuleni Regina na wenzake wanatengwa pembeni wakati wa sala. Hayo yameonyeshwa vizuri. Kibati cha Owuor ndo sikukiona, na familia yake hatuioni, mtu miaka yote hiyo anapika na kulea mtoto wa mwenzake na watu wake wako kwao mbali. Mamangu aliniuliza mara tatu kama huyu ana watoto.

Kuna sehemu nyingine nzuri ya nzige. Wanavamia shamba la mahindi, na Jettel, yule wa masahani, anakimbia shambani na watu wote kupiga kelele na kuwafukuza. Sisi tuliona nzige wameingia nchi hii 2020, tuliona watu wakigonga sufuria, kwa hivyo hatukuhitaji kuelezwa. Saa hiyo huyo mama si mgeni tena, na ajabu ni kwamba ndo wakati mumewe ameanza kutaka kurudi. Vita vimeisha, Walter ameitwa akawe jaji huko Frankfurt. Kurudi kwenyewe si kurudi nyumbani, manake walikotoka, Leobschütz, baada ya vita kukawa Poland, na jamaa waliobaki waliuawa. Binti yangu akauliza, sasa mtu akienda nchi ya watu akakaa miaka tisa, alafu arudi, anakuwa wa wapi? Sikuwa na jibu na sikutaka kumdanganya.

Hilo ndilo limenifanya nikuandikie. Watoto wetu wanaondoka. Tunawaandaa kwa mitihani ya lugha, viza, makoti mazito, namna ya kufungua akaunti ya benki. Hakuna anayekaa nao chini akawaambia kwamba utafika mahali ambapo wewe ndo Jettel, hujui kuwasha chochote, huelewi kwa nini watu wamenuna ama wamecheka, na saa hiyo hiyo kwa macho ya mwenyeji wako wewe ni Owuor, mtu wa kazi. Yote mawili kwa siku moja. Binti yangu alisema hivyo mwenyewe baada ya filamu, tukiosha vyombo, akasema mama mimi nitakuwa wote wawili, na aliposema nikaona anafikiria, haogopi.

Kwa hivyo naomba mambo mawili, na naomba kwa dhati. Kwanza vituo vyetu vya televisheni vitafute haki ya kuionyesha hii filamu, iwekwe maandishi ya Kiswahili pale kwenye Kijerumani na Kiingereza. Ni karibu saa mbili na nusu, si fupi, lakini tamthilia za kutoka nje tunazowekewa kila jioni zinakaa miezi na watu hawachoki. Ikiwekwa hata Jumapili moja watu wa Rongai, wa Nyandarua, wa Kisumu wataiona na watasikia lugha yao ikitumika kwa heshima. Na jina la Sidede Onyulo litajwe kabla haijaanza, lisiachwe lipite kwa yale maandishi madogo ya mwisho wakati watu wameshainuka kwenda kulala.

La pili ni lenu nyinyi wa gazeti. Wazee waliofanya kazi jikoni kwa wazungu karibu wameisha, lakini watoto wao kama mamangu wapo, wengi wana miaka 70 na kitu, 80 na kitu, na wanakumbuka. Tumeni waandishi wakaongee nao Nakuru, Njoro, Ol Kalou, Kitale. Waulize walikula nini, walilala wapi, baba alirudi nyumbani mara ngapi kwa mwaka, alimfunza memsaab nini na yeye alijifunza nini. Wajerumani walipata mtoto mmoja aliyekumbuka akaandika, ndo leo tuna hii filamu. Upande wa Owuor hakuna aliyeandika. Ningependa siku moja vijana wetu wanaotengeneza filamu watuletee hiyo, inayoanzia kwa nyumba ya Owuor na si kwa gari la wageni, na wasiogope kuweka Kijerumani ndani kama wao walivyoweka Kiswahili.

Ile filamu inafungia kwenye treni. Imesimama, mama mmoja anauza ndizi dirishani, Jettel anamwambia kwa Kiswahili kwamba hana pesa, na yule mama anampa ndizi hivyo hivyo. Mamangu akatikisa kichwa akasema hiyo ni kweli, hiyo si ya kuigiza. Lakini Owuor wakati huo hayupo, alishaondoka mapema, alfajiri, kwa miguu, na mbwa wao Rummler nyuma yake, hakutaka kungoja kuachwa. Kamera haikumfuata. Mamangu akauliza, sasa yule alifika kwake? Binti akasema nyanya, haijaonyeshwa. Kesho yake asubuhi akimenya viazi akauliza tena.

Mtihani wa binti ni mwezi ujao na sehemu moja ni kusimulia kitu kwa kuongea. Amechagua kusimulia habari za Owuor. Kila usiku anajaribu mbele ya nyanya yake, Kijerumani kitupu, nyanya hajui hata neno moja lakini majina anayashika, ametega sikio kama babu kwa mkate, na jana msichana alipomaliza akamwambia, rudia pale mwisho, mbwa sikumsikia.

Ni mimi msomaji wako,
Nakuru